Jina Alilolikubali Mtoto

Griffins alinisukumia lile kasha jeusi kabla sijamaliza kumsalimia. Anauza filamu upande wa Kenya, karibu na forodha, na jioni ile alitaka kufunga mapema.

"Chukua tu, Truphena. Pelekea bwanako. Hapa hakuna mtu anaitaka."

Ndani mlikuwa na diski za filamu za kale, kutoka nchi ambazo hata madereva wa malori hawazitaji. Hazina rangi. Nyingine hazina hata sauti. Mume wangu, Edeku, huzipenda za namna hiyo. Yeye ni VJ upande wa Uganda: filamu ikichezwa kwenye kibanda cha video, hushika maiki akawasemea waigizaji kwa lugha yetu, akiwapa majina na ugomvi wa hapa hapa Busia. Filamu isiyojulikana, husema, haina wa kukusahihisha.

Nilivuka mpaka na kasha mkononi, mtoto mgongoni akilia. Alilia hivyo tangu azaliwe, na titi alilionja tu. Alikuwa anakwisha, nami nilikuwa namwona anakwisha. Kwa Wateso, nilikoolewa, mtoto hulichagua jina mwenyewe. Nyanya huchovya kidole kwenye ajono, pombe ya wimbi, akamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya wazee waliokufa. Akinyonya kidole, jina limekubaliwa. Wangu aliyatema yote. Mama mkwe, Acom, alisema ni damu yangu ya ng'ambo ya mpaka ndiyo kaidi. Nilimchukia kwa neno hilo, na bado namchukia.

Kibandani watu walinung'unika. Walitaka risasi. Walipewa mwanamke mwenye gauni jeupe, peke yake chumbani, akitikisa kitanda cha mtoto. Kitanda kitupu. Filamu yenyewe bubu. Nilikaa nyuma, nikampa mtoto titi. Akalikataa.

Kisha spika ikataja jina la yule mwanamke.

Jina hilo sitaliandika hapa.

Mtoto akanyamaza. Akashika titi, akanyonya kwa nguvu mpaka nikaumia, nami nikatokwa na machozi ya furaha. Mfa maji hukamata maji. Nikalirudia lile jina sikioni mwake, naye akazidi kunyonya.

Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa ameacha kutikisa kitanda.

Alinitazama mimi...

Harufu ya mshumaa uliozimwa ikajaa kibandani. Humo hatuwashi mishumaa.

Tukirudi nyumbani nilimshukuru Edeku kwa lile jina. Akasimama njiani.

"Mimi sikutaja jina," akanong'ona. "Ile saa nilikuwa nakunywa maji. Nilidhani ni wewe umesema."

Acom alipomwona mtoto amelala, ameshiba, hakufurahi hata kidogo. Aliuliza jina limetoka wapi, nami nikamjibu kwa ukali kwamba mtoto ananyonya na hilo linanitosha.

"Wale wetu tunajua makaburi yao," akasema. "Hii jina iko na mwenyewe. Yeye ni wa ukoo gani?"

Akachovya kidole tena, akamtajia mtoto jina la marehemu mama yake mwenyewe. Mtoto akakakamaa. Midomo ikabadilika rangi. Nikamnyang'anya mtoto, nikamwita kwa lile jina jingine, na hapo ndipo akapumua.

Basi nikaanza kumtafuta huyo mwenye jina. Kila Edeku alipokwenda kazini nilitazama diski moja ya lile kasha: ya nchi ya theluji, ya mashamba ya mpunga, ya jangwa. Kuna moja ya wavuna chumvi iliyokuwa nzuri mno, na ningeifurahia kama moyo wangu ungetulia. Hakuwemo katika hata moja. Majina ya waigizaji yameandikwa kwa herufi nisizozijua. Mwisho nikairudia ile ya kwanza.

Chumba kipo. Kitanda kipo. Mlango uko wazi...

Yeye hayupo.

Acom alilichoma kasha nyuma ya jiko, na kwa mara ya kwanza hatukugombana.

Mtoto amenona. Wageni wanamsifu. Lakini nikikaa kitambo bila kumwita kwa jina lake, analegea na pumzi inapungua, kwa hiyo namwita, daima kwa kunong'ona. Jana asubuhi nilikuwa uani nikifua, yeye kwenye mkeka, nikamwona anakakamaa. Nilishtuka, nikaliita lile jina kwa sauti kubwa.

Edeku alikuwa kibandani. Acom alikuwa shambani Buhehe. Nyumbani hapakuwa na mtu.

"Naja," mtu akaitika kutoka ndani.

Sauti ya mwanamke mzima, yenye kukwaruza, ya mtu asiyezoea kuitumia.

Mwanangu akapumua. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akacheka, akanyoosha mikono abebwe.

Nilipomnyanyua mimi, akaanza kulia.