Mjomba Aliyeandikwa Marehemu

Asubuhi moja ya mwaka 1976, huko Mwese, Verdiana alikuwa akipukuchua mahindi kwa kasi hata punje zikamrukia baba yake, Bartolomeo. Baba hakumkaripia. Wote wawili walikuwa na furaha tele. Verdiana alikuwa amechaguliwa kuendesha simu ya upepo, ile redio ya kupashana habari, katika ofisi ya wilaya, Mpanda. Ulibaki upekuzi tu, yaani serikali kuchunguza kama mtu anaaminika kutunza siri za kazi.

Fomu ya upekuzi, aliyoijaza wiki iliyotangulia, ilitaka majina ya ndugu na wanakoishi. Mjomba Pontien, kaka wa mama yake, alifanya kazi bandarini Bujumbura. Baba alisema wakitaja anakoishi, kazi itakwenda na maji. Basi penye jina lake Verdiana akaandika "marehemu", na fomu ikaondoka kwa lori la ushirika. Siku hiyo mama yake, Donatille, alikuwa shambani.

Asubuhi hii ndipo walipomweleza. Mama hakugomba. Alijifunga kanga kiunoni, akatandika mkeka uani, akaketi na kunyoosha miguu.

"Mama Verdiana, unafanya nini?" baba aliuliza.

"Nimefiwa na kaka. Si mmeandika? Basi tuomboleze."

Kijijini habari ya msiba haihitaji simu. Mara akafika jirani yao Marsela, mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, aliyekuwa nyumbani likizo. Alikuja mbio kutoa pole. Aliposikia kisa chenyewe, alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akawa mkali.

"Kuwa na ndugu nje si kosa," alisema. "Kosa ni kuficha. Mtu akiijua siri yako, atakushika shingoni. Atasema, nipe habari za ofisi, la sivyo nakuchongea. Lakini ukiisema mwenyewe, atakutisha kwa lipi?"

Verdiana aliweka gunzi chini. "Dada Marsela, fomu imeshakwenda. Nifanyeje?"

Marsela alisema fomu husahihishwa, ila awahi kabla hawajagundua. Aandike barua yenye jina la mjomba, anakoishi, kazi yake, na wanaandikiana mara ngapi. Zawadi pia azitaje. Verdiana aliandika yote, hata vitenge viwili vya Krismasi. Baba alikuna kichwa, akaenda mwenyewe kumtafutia nafasi kwenye lori.

Kesho yake Verdiana alikwenda Mpanda juu ya magunia, barua ameibana kifuani. Alikuwa na hofu na hamu kwa pamoja, na njia ile mbovu aliiona ndefu mno.

Ndugu Lyamba, afisa wa upekuzi, aliisoma barua polepole. Akauliza kwa nini alidanganya. Jina la baba lilimfika Verdiana mdomoni, akalimeza.

"Niliogopa kuikosa kazi," alisema. "Kalamu nilishika mimi."

"Bado unaweza kuikosa," Lyamba alijibu.

Wiki sita zikapita. Lyamba alifika Mwese, akawauliza majirani na balozi wa nyumba kumi. Maneno yao yalilingana na barua. Ndipo jibu likaja: Verdiana amekubaliwa. Sharti ni moja, mtu wa nje akimuuliza mambo ya kazi, atoe taarifa mara moja. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mwezi wa tatu kazini, barua ilifika kutoka Bujumbura. "Mpwa wangu," mjomba aliandika, "hebu nidokezee, mnasemezana nini kwenye hiyo simu?"

Verdiana aliacha chai yake, akampelekea Lyamba barua hiyo. Lyamba aliisoma, akaandika taarifa fupi, akamrudishia. Alisema anaona ni udadisi wa mjomba tu, lakini Verdiana amefanya vema kuileta. Amjibu mjomba wake.

Alimjibu siku hiyo hiyo. "Mjomba, sote wazima. Ya kazini siyasemi. Hata mama ameuliza mpaka amechoka."

Alibandika stempu, akaitia barua posta mchana kweupe, watu wakimwona. Kisha akarudi zamu yake akitembea haraka, furaha imemjaa.