Alama ya Chaki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa mwalimu wa udereva alikuwa na kazi moja. Alichukua spana, akakaza nati zote za magurudumu ya gari la mafunzo, na kila iliyokaza aliichora mstari wa chaki. Baba yake alikuwa dereva wa mashindano, mpaka siku gurudumu lilipochomoka akavunjika mguu. Tangu hapo hakuwasha gari bila kuziona alama zile.

Siku hiyo binti alichelewa kuamka. Wenzake walikuwa getini wakimtania kwamba fundi bado anakoroma. Akachora chaki chapuchapu, spana hakuigusa.

"Zote?" baba aliuliza.

"Zote, baba."

Darasani, katikati ya somo la hesabu, aliviona vidole vyake. Vilikuwa vyeupe kwa chaki, bila hata doa la grisi. Hapo akakumbuka kwamba jana jioni baba alibadilisha gurudumu la mbele, akazifunga nati kwa mkono tu, akijua yeye atazikaza asubuhi. Baba akifundisha, simu huiacha ofisini.

Aliogopa kusema, na kunyamaza aliogopa zaidi. Akasimama, akamweleza mwalimu wake kila kitu. Mwalimu hakumgombeza. Alimshika mkono, wakatoka mbio.

Kwenye uwanja wa nyuma ya shule, alikofundishia baba, gari lilikuwa likizunguka mapipa, mwanafunzi wake, mama muuza maziwa, kwenye usukani na baba kando yake. Gurudumu la mbele lilikuwa likiyumba. "Ee Mungu wangu," binti alinong'ona. Akavua sweta lake jekundu, akalipunga juu kwa mikono miwili, maana kwenye mashindano bendera nyekundu ni amri ya kusimama. Baba akakanyaga breki ya upande wake.

"Nimekosa nini tena, mwalimu?" muuza maziwa akalalamika. "Leo hata pipa sijagonga."

"Ni mimi," binti akasema. "Nilichora tu, baba. Sikukaza."

Baba akachechemea mpaka kwenye gurudumu. Nati tatu zilizunguka kwa vidole. Alizizungusha moja moja bila kumtazama binti, mpaka binti akaona heri angechapwa.

"Mguu huu," baba alisema mwishowe, "fundi wangu alijua nati zimelegea. Aliogopa kufukuzwa, akanyamaza. Wewe umenidanganya asubuhi, na hilo ni kosa kubwa. Lakini umeogopa, na bado ukasema. Ndiyo maana mama huyu atarudi kwa wanawe. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, watu wakiwa bado wazima."

Akampa spana. Binti akakaza nati moja moja, hadi vidole vikawa vyeusi kwa grisi. Ndipo baba akampa chaki.