Chiriku Amenyamaza

Kila asubuhi Mama Chiriku huponda vidonge kati ya vijiko viwili. Huchanganya unga wake na uji. Kisha humlisha binti yake polepole, maana kumeza kwake ni kazi.

Chiriku ana miaka saba. Hatembei, ana kifafa, na moyo wake nao una dawa yake. Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alimtengenezea kiti kwa mabomba na magurudumu ya baiskeli. Jina la utani la Chiriku, ndege asiyeacha kulia, mtoto alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Miguu ilikataa, lakini mdomo haukukataa kitu. Alimsema baba yake kwa kuchelewa, alimsema bibi yake kwa kukoroma, alimsema hata jogoo wa jirani.

Sasa alikuwa kimya. Tangu aanze dawa mpya ya kifafa, hakuanguka tena, lakini maneno nayo yalikoma. Alisinzia kijiko kikiwa mdomoni. Macho yalimchezacheza. Alitapika.

"Afadhali alale kuliko kuanguka," alisema Bibi, mama wa Fundi, ambaye aliishi nao.

"Mama, huyu halali. Huyu amezimwa," alijibu Mama Chiriku.

Akampeleka kliniki ya hospitali. Daktari alimpima, akasoma kadi yake.

"Dozi ni sahihi kwa uzito wake," alisema. "Lakini miili haifanani. Njooni kesho tumlaze. Tutarekebisha dawa huku tukimwangalia. Pia nataka tumfanyie kipimo cha vinasaba."

Mama Chiriku alisikia neno moja tu, vinasaba.

"Nitaongea na baba yake," alisema.

Jioni aliwaeleza. Fundi aliweka kijiko chini. Bibi alikohoa kidogo.

"Vinasaba si ndicho kile cha kumtafuta baba?" Bibi aliuliza. "Kwani baba wa huyu mtoto amepotea?"

"Mama, kama una swali juu yangu, niulize hapa hapa."

"Mimi sijasema kitu. Ila kwetu hatuna kifafa."

Mama Chiriku alimgeukia mumewe. "Na wewe?"

Fundi hakumtazama. "Hapimwi," alisema. Akatoka nje.

Kesho yake hawakwenda hospitali. Mama Chiriku alibaki anapiga pasi nguo za wateja kwa nguvu kama anazigombeza. Nikimpeleka, aliwaza, watasema najitetea. Nisipompeleka, watasema naogopa. Basi akachukua njia yake mwenyewe. Alikata kidonge katikati, akampa Chiriku nusu, bila kumwambia mtu.

Mwanzoni aliona amepatia. Chiriku alifungua macho vizuri, akaomba maji. Lakini baada ya siku chache, mchana, mwili wake ulikakamaa kwenye kiti. Degedege lilimshika na halikuachia. Bibi alikimbia kumwita Fundi karakana. Fundi alimbeba mtoto kifuani hadi kwenye gari la jirani, glavu za kazi zikiwa bado mikononi.

Hospitali walimchoma sindano, degedege likatulia. Chiriku akalala, safari hii akiwa na mpira wa oksijeni puani. Wazazi walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda. Ndipo akaja mfamasia wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Dawa alikuwa anapata kama ilivyoandikwa?" aliuliza.

"Nilipunguza mimi," alisema Mama Chiriku.

Fundi aliinua kichwa.

"Umefanya vizuri kusema," alisema mfamasia. "Lakini dawa ya kifafa haipunguzwi nyumbani, ikishuka ghafla degedege hurudi. Ukiona inamchosha mtoto, mlete siku hiyo hiyo. Daktari alitaka kipimo. Mbona hamkurudi?"

Fundi akasafisha koo. "Hicho kipimo kitasema nini kuhusu mimi?"

"Wewe? Hakuna. Hatuchukui chochote kutoka kwako, na hatumtafuti baba. Tunasugua pamba ndani ya shavu la mtoto. Haiumi. Maabara inaangalia sehemu ndogo tu ya vinasaba vyake, ile inayoliongoza ini kuivunja dawa. Kuna watu ini lao huvunja haraka. Wengine polepole, dawa ya jana haijatoka, ya leo inaingia. Inarundikana, na mtoto anazimika."

"Na majibu anayaona nani?"

"Ninyi na wanaomtibu. Hayatoki bila idhini yenu."

"Sasa hilo ini amelirithi kwangu?" aliuliza Mama Chiriku.

"Pengine kwako, pengine kwa baba, pengine kwa wote. Si kosa la mtu. Na nisiwadanganye, kipimo hakiponyi kifafa. Si kila dawa ina kipimo chake. Kinatusaidia tusibahatishe."

Alipoondoka, Fundi alisema, "Mke wangu, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ungeniuliza mimi, ningekujibu bila pamba."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe."

"Nimekusikia. Nenda kasaini fomu ya kipimo kwanza."

Majibu yalionyesha kwamba Chiriku huivunja ile dawa polepole sana. Daktari alimbadilishia nyingine, kidogo kidogo, akiwa wodini. Aliandika majibu kwenye kadi yake, ili kila atakayempa dawa mpya ayaone.

Nyumbani Bibi bado alikuwa na wasiwasi. "Dawa ni dawa. Inawezaje kumfaa wa jirani ikamdhuru wetu?"

"Mama," alisema Fundi, "nikichomelea geti naweka moto mkali, chuma kinashika. Moto ule ule nikiuweka kwenye bati jembamba, natoboa. Bati halina kosa. Moto ndio haukuwa wake."

Bibi alimtazama mkwe wake, kisha akamsogezea kiti akae.

Kifafa hakijaisha. Mara moja moja kinakuja, kifupi, na wanajua la kufanya. Asubuhi Mama Chiriku bado anaponda vidonge kati ya vijiko viwili. Siku moja alikuwa ameinama hivyo hivyo, akasikia sauti nyembamba nyuma yake.

"Bibi, jana umekoroma."

Bibi aliacha kufagia. Ufagio ulibaki mkononi.

"Nimefanya nini?"

"Umekoroma. Hata Baba amesikia."

"Hebu sema tena," alisema Bibi.