Usukani Ni Wangu

Siku ya soko kule Masisi, lori lilizama matopeni katikati ya wauza maharagwe, na wanaume waliolizunguka hawakutazama gurudumu. Walimtazama dereva. Mbambu, binti wa Butembo, aliruka chini na buti zake za mpira, kitenge cha manjano kimefungwa juu ya suruali.

"Njo maana lori imezama!" mmoja akapiga kelele. "Mwanamuke njo iko naendesha!"

"Na weye mwanaume, uko nafanya nini? Kuja usukume!"

Wakacheka tu. Aliyevua koti lake na kuingia matopeni alikuwa mmoja, mwalimu mrefu mwenye sauti ya upole. Alisukuma mpaka uso ukawa mweusi.

"Dada, wanafunzi wangu watanijua kweli?"

"Watakujua kwa meno," Mbambu akasema, akacheka bila kupenda.

Jina lake Archange, Muhunde wa kijiji cha Muheto. Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Shoferi ya roho yangu, umefika Walikale?"

"Bado. Mulima iko na wivu, inanizuia."

"Ambia mulima mi njo nilikupenda wa kwanza!"

Archange alipomwalika Muheto kwa wakubwa wa ukoo wake, Mbambu alivaa kitenge kipya cha buluu na kusuka nywele. Baba mdogo wa Archange, Papa Grégoire, mzee wa kanisa, alikohoa kwanza.

"Kwetu mwanamuke hapande juu ya nyumba, hapige mluzi. Na Paulo aliandika mwanamuke anyamaze. Usukani ni nini, kama si kuongoza?"

Mbambu akamgeukia Archange. Archange akatazama viatu vyake.

"Papa, ataacha," akasema. "Tukishaoana, ataacha."

Damu ikampanda Mbambu hadi masikioni. Akasimama.

"Nani alikutuma useme na mudomo yangu? Papa Grégoire, wakati wa Wabeleji mama ya mama yangu alivunja mawe ya barabara akiwa na mimba. Siku ile hakuna aliyesema barabara ni ya wanaume. Leo tunapita juu yake na gari, njo munakumbuka Paulo? Kubeba ni kwetu, kuongoza ni kwenu?"

Hakungoja jibu. Alipita mlango wa jikoni, ambako Mama Élisabeth, mama yake Archange, alisimama na sahani ya kuku ambaye wanawake hawakugawiwa, akatoka na kuwasha lori lake.

Archange alipiga simu kila jioni, Mbambu hakushika. Akaandika: "Nilitaka tu wakukubali." Maneno hayo yalimchoma zaidi. Ambaye wangemkubali si yeye, ni mwanamke mwingine bubu.

Kisha namba asiyoijua ikaita. Alikuwa Mama Élisabeth.

"Mutoto yangu, Archange alisimama ku kanisa mbele ya watu wote. Alisema alidanganya, weye haukuahidi kitu, na hataki mwanamuke wa kunyamaza. Papa Grégoire amemutosha ku chorale, haimbe tena na kwaya yao."

"Na weye, mama, ulisema nini?"



"Nilisimama pia. Nikasema hata mi hakuna aliniuliza kama nataka kunyamaza. Miaka yote nilikuwa ninakaa tu."

Mbambu akafuta macho kwa kiganja chenye grisi, akiwa na hasira na machozi yenyewe.

Archange alimkuta Mbambu kwenye soko la Bihambwe, akipakua magunia.

"Sikuja kukuomba uache kukasirika."

"Vizuri. Niko nakasirika bado."

"Mbambu, ukubali nikuoe. Na usukani wako."

"Ungesema vile mbele yao!"

"Nitasema mbele yao. Hapa niko najaribisha sauti."

Alitaka kucheka, akakataa.

"Na Papa Grégoire akianza tena?"

"Nitajibu. Nikikosa maneno, utajibu weye, na mi sitatazama viatu."

Mbambu alimtazama. Aliona hofu machoni pake, lakini miguu haikurudi nyuma. Akampenda, na bado angeweza kumpiga kofi. Akafungua mlango wa upande wa pili.

"Panda. Tunaenda Muheto sasa hivi, hasira yangu ikiwa ya moto."