Ubao wa Chini ya Mashine

"Huyu binti ni wa nani?!"

Mume wangu akaganda, miwani ya vumbi bado iko usoni.

"Ongea! Una mtoto nje?!"

Akavua miwani polepole.

Jamani, subirini niwaeleze, maana hata sasa naandika huku nafuta machozi.

Sisi tunatengeneza vibao vya mbao, vya maduka na vya milangoni. Yeye ndiye wa mashine. Anachora kwenye kompyuta, mashine inachonga yenyewe: herufi zinazama ndani, pembeni mawimbi mawimbi. Mimi ni wa rangi. Hakuna kibao kinachotoka kwetu bila brashi yangu kukigusa. Hakuna!

Asubuhi ile nilikuwa nafagia vumbi la mbao. Chini ya kazi huwa tunalaza ubao chakavu, ili biti, ile ncha ya kuchongea, ikizama kupita kiasi isiharibu meza. Nikaupangusa... nikaona maandishi yaliyopenya kutoka juu.

BINTI WA BABA.

Na kaua kadogo pembeni.

Hicho kibao sikukipaka mimi. Hata kukiona sikukiona!

Nikakumbuka Jumamosi zake. Kila Jumamosi mchana anaoga, anavaa shati safi, eti "naenda kupunga upepo". Na mimi zuzu ndiye nampigia pasi hilo shati!

Mimi, niliyerudi kutoka hospitali mikono mitupu miaka minne nyuma. Iliniuma, wapendwa.

"Twende nikuonyeshe," akasema kwa sauti ndogo.

"Unipeleke kwa mke mwenzangu nikamsalimie?! Toka!"

"Mke wangu, siwezi kusema. Twende tu."

"TOKA!"

Nikamtupia nguo nje, majirani wanatazama. Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliokota shati moja tu, lile la Jumamosi, akaenda zake.

Wiki ya tatu wifi yangu, dada yake, akaingia bila hodi.

"Vaa viatu."

"Wifi, kama umekuja kumtetea kaka yako..."

"Nimesema vaa viatu!"

Tukatembea. Nilijua ananipeleka kwa yule mwanamke, na maneno yangu nilishayapanga. Tukapita soko, tukapita shule...

Tukaingia makaburini.

Wifi akasimama.

Kaburi dogo, limepaliliwa vizuri. Na kibao.

BINTI WA BABA NA MAMA.

"Ubao wa kibao hiki ulikuwa umepinda," wifi akasema. "Upande mmoja biti ikatoboa, upande wa pili haikufika kwenye ule ubao wa chini. Wewe umesoma nusu."

Jamani... mimi nilijifungua sina fahamu. Nilipozinduka, mtoto ameshazikwa. Nikamwapisha mume wangu: asinitajie huyo mtoto maisha yake yote! Hata kama alikuwa wa kike au wa kiume, nisijue. Nilidhani nisipojua haitaniuma.

Akakitunza kiapo miaka minne. Hata siku namtukana mbele za watu, alikitunza.

Kumbe nilikuwa na binti. Na mara ya kwanza kusoma habari zake, nikamwita mtoto wa nje.

Nikakishika kile kibao. Kilikuwa mbao tupu.

"Mbona hakukipaka rangi?"

Wifi akageukia pembeni, analia.

"Alisema rangi ni kazi ya mama yake. Alikuwa anakusubiri."

Nimekipaka. Herufi nyeusi, kaua ka njano. Rangi ikamwagikia mawimbi, nikapiga msasa nikaanza upya.

Mume wangu simu zangu hapokei mpaka leo.

Ndugu zangu, mtu wako akikwambia "twende nikuonyeshe", nenda. Kasirika utakavyo, lakini vaa viatu uende. Na msiba wenu msimwachie mmoja aubebe peke yake kwa siri.

Fundi wangu, najua dada yako atakuonyesha hii. Rangi imekauka. Jumamosi mchana nitakuwa pale, kwa binti yetu.