Vita Vilivyokomea kwenye Upindo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maswali alikuwa na kazi moja isiyomngoja mtu: kuosha brashi za baba yake. Alizitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, akazisugua kwa vidole mpaka rangi ikaachia, kisha akazipanga kwa ukubwa, ile nene kama mchi upande mmoja, ile nyembamba kama unyoya upande wa pili. Maswali halikuwa jina lake la daftarini, ila hata mwalimu aliyeita mahudhurio alikuwa ameshalisahau lile jingine. Msichana huyo wa miaka kumi na mitatu aliuliza "kwa nini?" hata akiambiwa habari za asubuhi.

Baba yake alikuwa mchora mabango. Kinyozi, duka la dawa, fundi wa baiskeli, wote walijulikana mtaani kwa herufi zilizotoka mkononi mwake.

"Pima kwanza, chora baadaye," alikuwa akisema, akinyoosha uzi wa chaki juu ya ubao. "Herufi haina huruma, mwanangu. Ukianza kwa mbwembwe, utamalizia kwa kubanana."

Lakini fahari yake kubwa haikuwa mtaani. Ilitundikwa katika ukumbi wa shule: kitambaa cheupe, kirefu kama ukuta wenyewe, kilichoandikwa juu kwa herufi nyekundu VITA VYA PILI VYA DUNIA: CHANZO NA MWENDO WAKE. Alikichora akiwa kijana, miaka kumi na minane iliyopita, na ndicho kilichomtangaza. Kila mwaka darasa la saba liliketi sakafuni mbele yake na kukinakili neno kwa neno. Kila mwaka, Siku ya Wazazi, mwanafunzi mmoja alisimama na fimbo na kukielezea mbele ya watu. Mwaka huu zamu ilimwangukia Maswali. Baba alikuwa ameshawaambia wateja wake wote, hata wale ambao hawakuuliza.

Zilipobaki siku nne, Maswali aliingia kwenye chumba cha vitabu kujiandaa. Akakuta kitabu kinene cha historia kisicho na jalada. Ndani yake mlikuwa na picha ya wanaume waliosimama juu ya sitaha ya meli ya kivita, mmoja wao ameinama akitia saini. Chini yake paliandikwa: *Ghuba ya Tokyo, 2 Septemba 1945. Japani yatia saini ya kusalimu amri. Vita vyakwisha.*

Maswali aliisoma mara mbili. Kisha akakimbia ukumbini. Mwisho kabisa wa kitambaa, pembeni mwa upindo, herufi za baba yake zilisema: MEI 1945, UJERUMANI YASALIMU AMRI. VITA VYAISHA.

Akarudi kitabuni. Akasoma kwamba Juni watu walikuwa bado wanakufa kwa maelfu katika kisiwa cha Okinawa. Akasoma kwamba Agosti miji miwili ya Japani, Hiroshima na Nagasaki, iliteketezwa kwa mabomu ya atomiki. Kitambaani hapakuwa na Juni, wala Agosti, wala miji hiyo.

Alikibeba kitabu mpaka kwa mwalimu wa historia. Huyu alikuwa kijana mtanashati, mwenye kalamu tatu mfukoni, na yeye mwenyewe alisoma shule hiyohiyo, ameketi sakafuni mbele ya kitambaa hichohicho.

"Mwalimu, kitambaa kimekosea."

"Kitambaa kimekosea, au wewe umechoka?"

"Kimekosea. Vita viliisha Septemba."

Mwalimu alikitazama kitabu kama mtu aliyeletewa chai ya jana. "Mimi nilifundishwa Mei, nikaandika Mei, nikafaulu kwa Mei. Na wewe utasema Mei. Siku ya Wazazi si siku ya mabishano."

"Lakini mwalimu, waliokufa Juni walikufa katika vita gani?"

"Maswali!"

"Abee, mwalimu."

"Ukishindwa kusoma kilichoandikwa, fimbo nitampa Kijiko. Umesikia?"

Kijiko ndiye aliyekaa naye dawati moja, mvulana mwembamba mwenye kichwa kikubwa na mdomo usiojua mapumziko. Habari zilimfikia kabla ya kengele ya kutoka.

"Binti Brashi!" alimpokea getini. "Wewe nawe! Miezi minne tu! Vita vyenyewe vilishakufa, unagombania maiti?"

"Ungekuwa umekufa wewe mwezi wa Juni, ungesema miezi minne tu?"

"Ningekuwa nimekufa nisingesema kitu," Kijiko akajibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Maswali hakucheka. Alitembea mpaka nyumbani amekaza meno, maana jambo moja lilimkera kuliko kejeli zote: yule aliyekosea alikuwa baba yake.

Alimkuta karakanani, amepanda juu ya stuli, akichora jino kubwa kwa ajili ya daktari wa meno. Mama, fundi cherehani, alikuwa chumba cha pili, na mlango kati yao ulikuwa wazi kama kawaida.

"Baba, kwa nini uliandika Mei?"

Brashi ilisimama.

"Mei gani?"

"Ya kitambaani. Vita viliisha Septemba, baba. Kuna kitabu. Nataka kusema hivyo Siku ya Wazazi."

Baba alishuka polepole. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Unataka kusimama mbele ya wateja wangu, mbele ya majirani, useme baba yako hajui kitu? Mkono huu ndio unaokulisha!"

"Sitakutaja, baba. Nitasema habari za vita tu."

"Kuna nani asiyejua nani alikichora? Jina langu lilizaliwa ukutani pale!"

Cherehani ya chumba cha pili ilinyamaza. Sauti ya mama ikapenya, ya upole lakini yenye ncha. "Mume wangu, mtoto amekuuliza kwa nini. Hujamjibu."

Baba aligeuka, akaichovya brashi kwenye kopo lisilo lake, akachafua rangi nyeupe yote. Kwa mtu aliyekuwa akiheshimu rangi kuliko chakula, hilo lilikuwa jibu la kutosha. Kisha akasema, bila kumtazama mtu:

"Kitambaa kiliisha."

"Kiliisha vipi?"

"Mwalimu wa wakati ule alinipa maandishi yote, mpaka Septemba. Mimi nikaanza na herufi kubwa kubwa, na mapambo, na ndege, na meli. Nilikuwa kijana, nilitaka nionekane. Kufika mwisho nikakuta upindo huu hapa, na maneno yangu bado yamejipanga foleni. Nikaandika VITA VYAISHA pale palipobaki nafasi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilikusudia kumwambia mwalimu yule. Watu wakapiga makofi, kisha naye akahamishwa. Mwaka wa kwanza niliona haya. Mwaka wa pili nikazoea. Mwaka wa tatu nikaanza kuamini mwenyewe."

Maswali alihisi hasira na huruma zikivutana ndani yake kama kamba. "Miaka kumi na minane, baba. Na mwalimu wetu amejifunza kwenye upindo wako."

"Najua."

"Basi nitasema."

"Maswali, nakuomba."

"Nakuheshimu, baba. Lakini nitasema."

Siku ya Wazazi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu mkuu, mama mrefu asiyependa kelele, aliketi mbele. Baba alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kutoka. Mwalimu wa historia alimpa Maswali fimbo, akamnong'oneza, "Kama kilivyoandikwa."

Maswali alianza.

"Vita hivi havikuanguka kutoka mawinguni," alisema. "Baada ya vita vikuu vya kwanza, Ujerumani iliyoshindwa ilibebeshwa masharti mazito, na watu wake wakabaki na kinyongo. Kisha biashara ya dunia ikaporomoka, mamilioni wakakosa kazi. Wakatokea watawala waliopiga kelele kuliko wengine, wakaahidi utukufu, wakawatwisha wanyonge lawama zote. Mwaka 1931 Japani iliivamia Manchuria. Mwaka 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Ethiopia ikalia mbele ya Shirikisho la Mataifa, na Shirikisho likatoa adhabu nyepesi isiyomuumiza mkosaji. Mbabe asipozuiwa kwenye kijiji hujaribu mji. Septemba 1939 Ujerumani ikaivamia Polandi, na Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita."

Watu walitulia. Fimbo ilifuata mishale myekundu: Ufaransa kuanguka mwaka 1940, Umoja wa Kisovieti kuvamiwa mwaka 1941, na mwaka huohuo Japani kuipiga bandari ya Marekani ya Pearl Harbor. Akaeleza jinsi Wajerumani walivyokwama katika mji wa Stalingrad. Akaeleza jinsi vijana wa Afrika walivyosafirishwa mpaka misitu ya Burma kupigania wafalme ambao hawakuwahi kuwaona. Kisha fimbo ikafika kwenye upindo.

"Mei 1945, Ujerumani ilisalimu amri," alisema. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Lakini vita havikuisha."

"Asante, Maswali," mwalimu akadakia. "Tumpigie makofi."

"Sijamaliza, mwalimu."

Minong'ono ikapita ukumbini. Kijiko, aliyekaa mstari wa mbele, aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nimesema asante. Rudisha fimbo!"

Maswali alirudisha fimbo. Alimpa kwa mikono yote miwili, kwa adabu, kisha akabaki palepale na kunyoosha kidole kwenye ukuta mtupu, nje ya kitambaa.

"Hapa kuna Juni," alisema. "Hapa watu wanakufa Okinawa. Hapa kuna Agosti, na miji miwili inaungua. Hapa, tarehe 2 Septemba, Japani inatia saini na vita vinakwisha. Hawa wote hawapo kitambaani. Mtaninyang'anya fimbo, sawa. Lakini mimi siwezi kuwaambia waliokufa Agosti kwamba walikufa wakati wa amani."

"Nani amekufundisha hayo?" mwalimu akauliza kwa ukali. "Nani anasema kitambaa kimekosea?"

"Mimi," ikajibu sauti kutoka mlangoni.

Vichwa vyote viligeuka. Mchora mabango alikuwa anatembea katikati ya viti, kofia mkononi.

"Mimi ndiye niliyekichora, na mimi ndiye niliyekata maneno. Vita havikuisha Mei. Kitambaa changu ndicho kilichoisha."

Kinyozi alipasuka kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Baba alisimama akapokea kicheko chote bila kuinamisha kichwa. Kilipokwisha chenyewe, akasema, "Chekeni, ni haki yenu. Ila mtoto huyu msimcheke. Nilimwomba anyamaze, akakataa."

Mwalimu wa historia alimsogelea Maswali, aliyekuwa amekuja na kile kitabu cha historia. Alikichukua kitabu, akaitazama picha, safari hii kwa muda mrefu. "Wanafunzi wangu," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imepungua kiburi, "nimewafundisha kosa. Sikukagua. Maswali, nisamehe."

Mwalimu mkuu alisimama. "Mmesikia chanzo cha vita vile," aliwaambia wanafunzi. "Masharti, njaa, viburi vya watawala. Ongezeni kimoja: watu wengi waliouona uovu wakiwa mbali nao, wakasema hautuhusu. Kunyamaza kwenye jambo dogo ni mazoezi ya kunyamaza kwenye jambo kubwa. Atakayeona kosa hapa shuleni, liwe langu au la nani, aje aliseme kwa adabu na kwa ushahidi, kama alivyofanya huyu. Na kitambaa hiki kitarekebishwa wiki hii."

Jumamosi kilishushwa na kupelekwa nyumbani. Mama alifumua upindo, akaunga kipande kipya cha upana wa mikono miwili. Mwalimu wa historia alikuja na maandishi mapya, akayahakiki kwenye vitabu vitatu. Hata Kijiko alijileta, akashika ncha ya uzi wa chaki.

Baba alipima mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akampa Maswali ile brashi nyembamba.

"Andika wewe."

Maswali aliandika Juni, akaandika Agosti na majina ya ile miji miwili. Alipofika Septemba alirudi nyuma kutazama, akakunja uso.

"Baba, mbona kipande kipya kinaonekana? Rangi yake ni nyeupe zaidi. Kila mtu atajua kiliongezwa."

"Wajue," baba akasema. "Mshono wa kosa lililorekebishwa si aibu, mwanangu. Aibu ni ile niliyoitundika ukutani miaka kumi na minane nikaiita fahari. Nafasi ikikuishia, ongeza kitambaa. Usipunguze ukweli."