Vichwa vya "Sauti ya Mfereji"

Kila alasiri Nagaat alikaanga mbegu za maboga kibandani kwake, katika mji mdogo wa Kafr el-Tut, Misri. Akija mteja, Nagaat alichukua gazeti kuukuu, akasokota karatasi, akajaza mbegu. Magazeti yenyewe yalikuwa ya marehemu baba yake. Aliyaandika na kuyachapa mwenyewe, papo hapo mjini.

Siku moja Bi Inshirah wa maktaba akanunua mbegu. Akala mbili. Ya tatu ikaishia njiani, macho yamenasa kwenye karatasi.

"Dada Nagaat! Habari za mji wetu! Hili si *Sauti ya Mfereji* la baba yako? Tunafungua chumba cha historia ya mji. Wapo wanaosema gazeti hilo ni porojo, halikuwahi kuwepo."

"Porojo? Baba yangu?" Nagaat akaweka mwiko chini. "Nani alikuwa akimpelekea chai, vidole vyake vyeusi kwa wino? Si mimi?"

"Basi tuonyeshe toleo la kwanza. Hili halina jina wala tarehe. Juu pamekatwa."

"Nimekata mimi. Pale juu pana Bismillahi. Jina la Mungu nifungie mbegu, watu wakalikanyage barabarani? Astaghafirullahi!"

"Vichwa ukatupa?"

"Hee! Jina la Mungu linatupwa? Viko kwenye kopo, kabatini."

Mumewe Shawqi akadakia kutoka ndani: "Anatunza vichwa, anauza viwiliwili!"

Wakamwaga kopo mezani, kando ya magazeti yaliyobaki. Nagaat alikatia kisu cha vitunguu, kwa hiyo kila mkato ulipinda kivyake. Wakajaribisha kichwa hiki na kiwiliwili kile. Vingi vikaoana. Kichwa cha toleo la kwanza kikakataa kila karatasi.

Nagaat akanyong'onyea. "Nimemuuza baba na chumvi juu." Kisha akatupa jicho mkononi mwa mgeni. "Bi Inshirah, mwaga mbegu zako!"

Karatasi ikakunjuliwa, chumvi ikapanguswa. Ikaoana sawasawa. Habari ya kwanza: punda wa mwenye kinu katumbukia mferejini, na kinu kimefungwa mpaka akauke. Nagaat akacheka hadi machozi.

Shawqi akaja mbio na utepe wa gundi.

"Usiguse!" alisema Inshirah. "Gundi hiyo huacha madoa, na karatasi hukatika. Gazeti lilazwe, lisikunjwe. Liwe sandukuni, pakavu, mbali na jua na jiko. Ulishike kwa mikono safi, mikavu. Tutapiga picha kila ukurasa. Anayetaka kusoma, asome picha."

"Na jina la Mungu?"

"Likitunzwa gazeti zima, nalo limetunzwa."

Siku hizi Nagaat anafungia karatasi tupu. Wateja wananung'unika: "Sasa tutafune bila kusoma?"

"Mbegu ziko hapa," anawajibu. "Punda yuko maktaba. Nendeni mkamwone, kisha mthubutu kusema tena baba yangu ni porojo."